Skrubu Inayobadili Hesi Yake

Katika karakana za Agakiriro ka Gisozi, jijini Kigali, mwanafunzi wa useremala hukutana na pembe kabla hajaunda hata kigoda. Anapewa randa: gogo dogo la mbao ngumu, tundu katikati, na ndani ya tundu chuma chenye makali kilichobanwa kwa kabari, kimelala kwa digrii kama 45. Akiisukuma juu ya msonobari, maranda hutoka marefu, yamejikunja kama utepe. Akiisukuma juu ya ubao wa libuyu ulioletwa kutoka Congo, mti ambao nyuzi zake huelekea huku na huku, chuma kilekile hung'oa nyama ya ubao na kuacha vishimo. Fundi aliyekomaa hamgombezi mwanafunzi wala haulaumu ubao. Huchukua randa nyingine ambayo chuma chake kimesimama zaidi, digrii 50 na ushei, na vishimo hupungua. Mkono ni uleule na ubao ni uleule. Mlalo wa chuma ndio umebadilika.

Kwa hiyo randa moja inajua aina moja ya mti. Mti ukibadilika, tafuta randa ya pili. Nimesimama mara nyingi katika vichochoro vya Agakiriro, vumbi la mbao likiniingia puani, nikiwafikiria mafundi wengine waliokabiliwa na tatizo hilihili bila nafasi ya kubadili chombo, kwa sababu chombo chao kilikuwa kinazunguka angani, au chini ya maji. Jibu walilolipata ni mojawapo ya maumbo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyatazama. Nataka kulisoma hapa polepole, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anavyolisoma shairi la bahari asiyoizoea.

Shuleni tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui. Tulipiga mstari katikati ya karatasi, fani kushoto, maudhui kulia, na tukafaulu mitihani. Kwenye panga la rafadha, ambalo ndilo jibu la mafundi hao, mstari huo hauna pa kupita. Nyoosha mkunjo wake, na hakuna kilichobaki cha kuandika upande wa kulia.

Tuanze na skrubu, maana Gisozi skrubu zinauzwa kwa kilo. Skrubu ya mbao ina hesi pana: ukiizungusha mara moja imezama hatua kubwa. Skrubu ya chuma ina hesi zilizokaribiana: mizunguko mingi, hatua ndogo, lakini inakaza kwa nguvu. Rafadha ya ndege ni skrubu ambayo imekatwa ikabaki vipande vichache tu vya hesi, kila kipande kikawa panga, na ubao wake ni hewa. Mlalo wa panga ndio upana wa hesi. Panga lililojilaza ni hesi nyembamba, lililosimama ni hesi pana. Hapo ndipo fundi wa skrubu anapoachana na fundi wa rafadha. Hesi ya skrubu ikishakatwa imekatwa. Ya rafadha inaweza kupanuka na kunywea huku ikizunguka mara kumi na kitu kwa sekunde.

Itazame rafadha ya Dash 8 Q400, ndege ambayo RwandAir huirusha kwenda Kamembe, ndani ya Rwanda. Isome ikiwa imesimama uwanjani, maana ikizunguka inakuwa ukungu. Ina mapanga sita, na duara lake lina kipenyo cha mita 4.1. Jambo la kwanza ambalo jicho linaliona ni kwamba hakuna panga lililonyooka. Karibu na kitovu panga limeelekea mbele, karibu kuifuata njia ya ndege. Kadiri jicho linavyopanda kuelekea nchani, panga linajilaza kidogokidogo kwenye duara la mzunguko. Mtu asiyejua angedhani ni pambo. Huo msokoto ni hesabu iliyoandikwa kwa umbo. Wakati wa kuruka rafadha hii huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kila sekunde. Nchani, mwendo huo ni kama mita 219 kwa sekunde. Katikati ya panga ni nusu yake. Kwenye shina ni mdogo zaidi. Lakini kwenda mbele, sehemu zote zina mwendo mmoja, kwa kuwa ndege ni moja. Basi kila sehemu ya panga inachora angani mteremko wake, na kila sehemu imeinamishwa iulalie mteremko huo. Ukikata panga vipande kumi utapata vyuma kumi vya randa, kila kimoja kwa pembe yake, vimeunganishwa bila kiungo kinachoonekana.

Huo ni msokoto usiobadilika, umeumbwa kiwandani. Sasa hesabu ya pili. Ndege iko mwanzoni mwa njia ya kurukia pale Kanombe, breki zimekazwa, injini zinanguruma. Haijaenda mbele hata hatua moja, kwa hiyo njia ya ncha ya panga ni duara tupu: pembe ya mteremko wake ni sifuri. Ndege ikikimbia mpaka mita 60 hivi kwa sekunde, mteremko umefika digrii 15. Kisha ndege inapanda, mizunguko inapunguzwa hadi 850 kwa dakika, na ikifikia mwendo wake wa juu kabisa wa safari, ambao ni kama kilomita 667 kwa saa, inasonga mbele mita 185 kila sekunde huku ncha ikizunguka kwa mita 182. Namba mbili karibu sawa. Mteremko wa ncha umefika digrii 45.

Nilipoipiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu. Ni pembe ya randa. Najua hakuna undugu kati yao. Ubao na hewa vina sheria tofauti, na mwendo mwingine ungetoa namba nyingine. Hata hivyo sijaweza tena kumwona seremala akiisukuma randa pale Gisozi bila kusikia, kwa mbali, ndege ya Kamembe ikipanda.

Kutoka sifuri hadi 45, basi, na panga linatakiwa lisimame digrii chache tu juu ya mteremko huo wakati wote. Likisimama mno, hewa inachanika mgongoni mwake kama libuyu chini ya randa isiyofaa, na nguvu ya injini inaishia kwenye makelele. Likilala mno, ndege ikishika kasi upepo unaanza kulisukuma panga badala ya kusukumwa nalo. Panga lililofungwa kwa pembe moja linapaswa kuchagua: kuruka vizuri au kusafiri vizuri. Mwaka 1933 ndege ya Boeing 247 ilikuja na rafadha za pembe moja. Kwenye viwanja vya pwani ilivumilika. Kwenye kiwanja cha Cheyenne, nchini Marekani, kilicho zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi iliiumbua. Frank Caldwell wa Hamilton Standard aliiletea rafadha yenye pembe mbili, moja ya kurukia na moja ya kusafiria, na ndege ikaruka kama inavyotakiwa. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya Collier ya mwaka huo. Kwa sisi wa Kigali habari hiyo ina uzito wa pekee. Kanombe ni karibu mita 1,500 juu ya bahari. Tunaishi kwenye hewa ya aina ya Cheyenne, na kila rafadha inayoondoka hapa inaanza kazi ikiwa na hewa pungufu ya kuuma.

Pembe mbili zilifungua njia ya pembe zisizohesabika. Ndani ya kitovu mna pistoni, na mafuta yenye shinikizo yanaisukuma. Pistoni inasogeza vijiti, na vijiti vinazungusha mashina ya mapanga yote kwa pamoja. Kidhibiti mwendo kinachunga idadi ya mizunguko. Rafadha ikitaka kuzidisha kasi, mapanga yanasimama kidogo, yanauma hewa zaidi, kasi inarudi. Ikitaka kupunguza, yanalala kidogo. Rubani amechagua mizunguko tu, pembe inajitafuta. Sipati mfano bora wa umbo lililo hai kwa maana kamili ya neno. Ukiuliza, pembe ya panga hili ni ipi, hakuna jibu mpaka uulize pia ndege iko wapi na inakwenda kwa kasi gani.

Na kuna pembe ya mwisho, ambayo abiria wanaomba wasiione. Injini ikifa angani, mapanga yanageuzwa mpaka makali yake yanaelekea mbele, sambamba na upepo, ili yapite hewani bila kuikamata. Rafadha inatulia. Kitu kilichoumbwa kwa ajili ya kuuma kinafunga mdomo, na kwa kufunga mdomo kinaiokoa ndege. Mitambo ya upepo kule Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, hufanya jambo hilohilo dhoruba ikizidi: mitambo 365, kila mmoja ukiyageuza mapanga yake yaache upepo upite.

Sasa tushuke kilimani. Mvua ikinyesha Gisozi, maji hukimbia kwenye mitaro hadi bondeni na kuingia Nyabugogo. Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huzunguka kusini na kuwa Akagera, Akagera hupokea Ruvubu kutoka Burundi, na muda mfupi baadaye mto mzima unafika kwenye genge la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania.

Siwezi kuifuata njia hii kwa kidole kwenye ramani kana kwamba ni mchoro wa uhandisi tu. Gisozi ndiko uliko Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari wa Kigali, ambako wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994 katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Wengine walitupwa mitoni. Miili ilipita Rusumo, ikafika Ziwa Victoria, na watu wa kandokando ya ziwa upande wa Uganda waliitoa majini na kuizika. Kasensero, Lambu na Ggolo kuna makaburi ya zaidi ya watu 10,000. Anayeyaeleza maji haya kwa mita za ujazo peke yake amesoma nusu ya ukurasa. Ninaandika juu ya mashine iliyowekwa kwenye mto huo nikiwa na nusu zote mbili mbele yangu.

Rusumo sasa kuna mtambo wa megawati 80, wenye mashine tatu zilizoanza kuwashwa mwaka 2023, na umeme wake unagawanywa sawasawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Turbini zake ni za aina ya Kaplan. Jina hilo ni la Viktor Kaplan, Mwaustria aliyekuwa profesa katika mji wa Brno. Miaka ya 1912 na 1913 aliomba hataza za turbini yenye umbo la rafadha ambayo mapanga yake yanageuka. Wengi hawakumwamini. Turbini yake ya kwanza ya kazi iliundwa na kiwanda cha Storek cha hukohuko Brno na kufungwa Velm, Austria, mwaka 1919. Hakutajirika haraka. Mashine za mwanzo zilisumbuliwa na mapovu yanayozaliwa pale maji yanapokosa shinikizo. Mapovu hayo yanapopasuka juu ya chuma huking'ata mpaka kiwe kama sifongo. Alifariki mwaka 1934, lakini kabla ya hapo aliishi kuona mashine zake zikizunguka katika mito mikubwa ya Ulaya.

Turbini ya Kaplan ni rafadha iliyobadilishana nafasi na maji: huku maji ndiyo yanayosukuma na chuma ndicho kinachosukumwa. Na inabeba sharti ambalo rafadha ya ndege hailijui kwa ukali huo. Jenereta lazima izunguke kwa mwendo uleule usiku na mchana, ili umeme utoke na mapigo 50 kwa sekunde. Mto haujui sharti hilo. Itumba, msimu wetu wa masika, inapoleta mvua za Machi hadi Mei, Akagera inajaa. Impeshyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti, inaikausha taratibu. Maji yanabadilika, mzunguko haubadiliki. Kitu kimoja tu kimebaki cha kubadilishwa, nacho ni pembe.

Kuna pembe mbili, na hapa ndipo umbo linapokuwa tajiri. Kabla maji hayajayafikia mapanga, yanapita kwenye duara la vilango vya chuma vinavyosimama wima kuizunguka mashine. Vilango hivyo vinapima kiasi cha maji, na pia vinayapa msokoto, vinayatia katika mzunguko. Kisha mapanga yanayapokea maji yaliyosokotwa na kuutoa ule msokoto, ili yatoke chini yakiwa yamenyooka na kutulia. Maji yanayotoka bado yanazunguka ni maji yanayoondoka na nguvu tuliyoshindwa kuipokea. Mto ukipungua, vilango vinafumba kiasi, na kwa kufumba vinabadili msokoto. Mapanga yasipogeuka nayo, maji yanayapiga ubavuni, yanavurugika, mashine inatetemeka. Yakigeuka kwa kiasi kinacholingana, maji yanateleza juu yake kama hapo awali. Kwa kila ufunguzi wa vilango kuna mlalo mmoja wa mapanga unaofaa kuliko mingine, na mtambo unautafuta wenyewe. Washairi wetu wanajua kazi ya namna hii. Anayebadili kina cha kati katika mshororo wa kwanza wa ubeti amejifunga kwa vipande vitakavyofuata katika ubeti huo.

Turbini yenye mapanga yasiyogeuka ina kiasi kimoja cha maji inachokipenda. Ukichora ufanisi wake unapata mlima kama Muhabura: ncha kali juu, na kushoto na kulia mteremko mkali. Kila mlalo wa mapanga una Muhabura wake. Mashine ya Kaplan inatembea kutoka kilele hadi kilele, na ukiunganisha vilele hivyo kwa mstari unapata mgongo mrefu ulio karibu tambarare, ufanisi wa zaidi ya asilimia 90 kwa sehemu kubwa ya misimu. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuipenda. Haidai mto uwe wa namna fulani.

Tazama sasa kitovu chake, maana humo mna habari ambayo picha za magazeti hazionyeshi. Kwenye turbini ya mapanga yasiyogeuka kitovu kinaweza kuwa chembamba. Cha Kaplan ni kinene, na mahali mapanga yaliposhikwa kimeumbwa kama tufe. Kwa nini tufe? Shina la panga linapozunguka mahali pake, ukingo wa panga unachora sehemu ya tufe. Kama kitovu kingekuwa mcheduara ulionyooka, ukingo ungegusa katika pembe moja na kuacha mwanya katika nyingine, na maji yangepenya mwanyani bila kufanya kazi. Ukuta wa nje unaolizunguka gurudumu nao umefinyangwa hivyohivyo, lakini mara nyingi nusu ya chini tu. Nusu ya juu imeachwa imenyooka, kwa sababu siku ya matengenezo lazima winchi ilinyanyue gurudumu zima, na tufe kamili lingelifungia ndani milele. Mwanya kidogo umekubaliwa hapo juu kwa ajili ya siku hiyo. Napenda sana maumbo yanayokumbuka kwamba yatahitaji kurekebishwa.

Na unene wa kitovu ni gharama, nami sitaificha. Ndani yake mna pistoni, vijiti, mashina na mafuta, na vyote hivyo vinakula nafasi ambayo maji yangepita. Vizuizi vya mafuta vikichakaa, mafuta yanaweza kuvujia mtoni, kwa watu wanaokunywa na kuvua chini ya mtambo. Mashine yenye viungo vingi inahitaji mafundi wengi na vipuri vya bei. Kwenye maporomoko marefu yenye maji machache hakuna sababu ya kulipa gharama hiyo. Aina nyingine za turbini hufanya kazi vizuri zaidi huko. Kaplan ni jibu la maji mengi yanayoshuka kimo kifupi, na mito yetu ya mashariki ya Afrika, inapofika Rusumo au Jinja nchini Uganda, ni ya namna hiyo hasa.

Maana maji ya Gisozi hayaishii Rusumo. Akagera ndiyo mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hutokea Jinja. Hapo lipo bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 likiwa na turbini kumi za Kaplan. Chini yake, Bujagali, megawati 250, Kaplan tano. Chini zaidi, Isimba, Kaplan nne. Tone la mvua lililoanguka kwenye bati la karakana ya Agakiriro, likiponea jua la ziwani, linaweza kukutana na mapanga yanayogeuka mara nne kabla halijaiacha Uganda, na kila mara mapanga yatakuwa yamelala kwa pembe ya siku hiyo, ambayo jana haikuwa hiyo.

Saa mbili asubuhi, Gisozi, mashine za kuranda zinawashwa. Kila moja ni gogo la chuma lenye visu vitatu au vinne, vimebanwa kwa nati kwa pembe ambayo haitabadilika mpaka fundi azime umeme na kushika spana. Ubao wa libuyu unasukumwa ndani, mlio unashuka chini kwa sekunde moja, mota inavuta umeme zaidi. Mashine moja ni ndogo mno gridi isiijue. Lakini karakana ni nyingi, na miji ni mingi, na wote wanaanza kazi saa ileile. Mapigo 50 yanalegea kwa unywele. Mitambo inayochunga gridi inaanza kuitika, na zamu ikiifikia Rusumo, vilango vinafunguka kidogo, mafuta yanasogeza pistoni ndani ya kitovu kinene, na gizani chini ya maji mapanga yanageuka pamoja, sehemu ndogo ya digrii.

Gisozi mlio wa mashine unapanda tena, na maranda yanaendelea kuanguka.